SOMO LA ROBO HII: Faiba imefika sebuleni, ofisi bado haina mtandao

Ndugu wanakamati, pamoja nanyi marafiki mnaotuchangia kutoka mbali,

Mikongo mipya ya baharini ilipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, wengi wetu tulidhani faiba ni mambo ya mabenki. Leo inaingia hadi nyumba za kawaida, na baadhi ya parokia za mjini zimeunganishwa. Pamoja nayo yamekuja maombi ya fedha za "kuongeza kasi". Somo hili linahusu maombi hayo.

Katika parokia moja, fundi alifunga kisanduku cha faiba sebuleni kwa mapadre, nyuma ya televisheni, kwa kuwa ndiko waya ulikoingilia. Ofisi iko ng'ambo ya uwanja, mita 40 hivi, na katikati pana tangi la maji. Mtandao ukawa haufiki. Kamati ikalipia kifurushi kikubwa zaidi, mwaka mzima, kutoka mfuko uleule wa ada za wanafunzi. Karani akaendelea kutuma taarifa za wanafunzi hao akiwa amesimama barazani kwa padre.

Kosa lilikuwa wapi? Faiba ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaopitisha mwanga. Kisanduku hugeuza mwanga huo kuwa umeme, na ruta (mara nyingi imo humohumo) hurusha waifai kwa mawimbi ya redio. Kasi mnayolipia inaishia kwenye kisanduku. Kuanzia hapo kinachoamua ni kuta, mabati, maji na umbali.

Kwa hiyo pimeni mara mbili. Kwanza unganisheni kompyuta kwa kebo moja kwa moja kwenye ruta, mpime kasi. Kisha pimeni ofisini kwa waifai. Kipimo cha kwanza kikiwa kizuri na cha pili kibaya, kifurushi kikubwa hakitasaidia chochote.

Mwambieni fundi, kabla hajatoboa ukuta, aweke kisanduku mahali pa juu, pa wazi, karibu na katikati ya nyumba. Kukihamisha baadaye ni kazi yake pia, maana uzi wa kioo haukunjwi ovyo, na mtu asichungulie ncha yake: mwanga wake hauonekani lakini unaweza kudhuru macho. Vifaa vya mbali viunganishwe kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo hupenya kuta vizuri kuliko yale ya 5, ingawa kasi yake ni ndogo.

Wengi hukimbilia ripita. Ripita ikiwekwa ofisini, ambako hakuna mawimbi, haina cha kurudia; ikae njiani, pale ambapo mawimbi bado yana nguvu. Hata hivyo zile za bei nafuu hupokea na kutuma kwa njia moja, hivyo kasi hupungua karibu nusu.

Kwa jengo la pili, vuteni waya. Kebo ya kawaida ya mtandao hufaa hadi mita 100, lakini ikipita nje kati ya majengo hukaribisha madhara ya radi. Faiba haipitishi umeme, kwa hiyo ni salama zaidi. Mwishoni fungeni kituo kingine cha waifai. Hata ruta ya zamani yafaa, mradi kazi yake ya kugawa anwani izimwe. Ruta mbili zikigawa anwani katika mtandao mmoja, vifaa huchanganyikiwa.

Badilisheni neno la siri lililokuja na ruta, na wageni wa ukumbini wapewe mtandao wao. Taarifa za watoto wanaofadhiliwa zimo kwenye kompyuta ya ofisi!

Kamati ile ilifukia bomba, ikapitisha faiba, kisha ikarudi kwenye kifurushi kidogo. Kamati itakayoomba fedha za intaneti robo ijayo iambatanishe vipimo vyote viwili, pamoja na mchoro wa majengo wenye umbali kwa mita.