Ultrasaundi na Ulinzi wa Fistula kwa Mgonjwa wa Figo

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi kwa kawaida huhitaji kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, takribani saa nne kila mara. Kwa mkazi wa Nansio, Ukerewe, anayevuka ziwa kwa feri kuja Mwanza, kukuta njia ya damu imeziba si usumbufu tu. Maisha yake yamo hatarini.

Kwa wagonjwa wengi njia iliyo bora ni fistula, yaani ateri na vena za mkono zilizounganishwa kwa upasuaji. Brescia, Cimino na wenzao wa New York waliitangaza mwaka 1966. Vena hiyo hupanuka na kuhimili sindano, lakini si kila mshipa hufaa. Ndiyo maana ultrasaundi hutangulia kisu: wapasuaji wengi hutaka ateri yenye upana wa milimita 2 na vena ya milimita 2.5 angalau. Mashine ileile inayopima wajawazito huweza kufanya kazi hii, ikiwekewa kichwa cha kupimia mishipa. Haina mionzi, na hubebeka hadi kitandani.

Baada ya wiki 6 hivi fistula hupimwa tena. Iliyokomaa hupitisha damu mililita 600 kwa dakika, ina upana wa milimita 6, na haizidi kina cha milimita 6 chini ya ngozi. Kipimo cha Dopla huonyesha kasi ya damu na mahali mshipa ulipobana.

Ultrasaundi ina mpaka wake. Mfupa wa mtulinga huficha vena kubwa za kifuani, nazo ndizo hubana mara nyingi kwa waliowahi kuwekewa katheta hapo. Mkono mzima ukivimba, hutakiwa picha ya eksirei yenye dawa ya kuonyesha mishipa. Katika kikao hichohicho daktari anaweza kupanua palipobana kwa puto.

Hata hivyo, kipimo cha kwanza ni vidole, na hakina bei. Mgonjwa aguse fistula kila asubuhi: mtetemo ukiwapo, damu inapita. Muuguzi anyanyue mkono huo juu ya moyo. Vena isiponywea, ashuku kizuizi mbele yake. Mkono huo usipimwe shinikizo la damu wala kutolewa damu ya maabara. Mtetemo ukitoweka, mgonjwa asisubiri siku ya kusafishwa damu: afike hospitali siku hiyohiyo, kwa maana donge la damu lililoganda huondolewa kwa urahisi zaidi likiwa bichi.