Kujifunza Kijerumani kwa Kusoma na kwa Mazoezi: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu hukutana na jina la Carl Meinhof mapema katika masomo yake. Kila inapofundishwa mada ya uainishaji wa ngeli, jina hilo hutajwa pamoja na lile la Wilhelm Bleek, Mjerumani mwenzake aliyemtangulia. Mwanafunzi hulinakili daftarini, hulirudia katika mtihani, na pengine huhitimu bila kuwahi kusoma aya moja ambayo Meinhof aliiandika kwa lugha yake mwenyewe. Anachokijua ni kile alichosimuliwa na wafasiri pamoja na wafasili wa wafasiri.

Makala haya yanajadili namna mwanafunzi wa Kiswahili anavyoweza kuliziba pengo hilo kwa kujifunza Kijerumani kwa njia mbili zinazotegemeana, yaani kusoma na kufanya mazoezi. Hoja kuu ni kwamba mwanafunzi huyu haanzi mikono mitupu. Sarufi ya Kiswahili aliyoisoma humpa zana za kuyafahamu mengi yanayowatatiza wanagenzi wengine wa Kijerumani. Hata hivyo, kusoma peke yake hakumfikishi mbali, kwa sababu zitakazobainishwa katika sehemu ya tano.

2.0 Umuhimu wa Kijerumani kwa Taaluma ya Kiswahili

Uhusiano wa lugha hizi mbili ni wa muda mrefu. Seminari ya Lugha za Mashariki ilianzishwa Berlin mwaka wa 1887, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa humo. Wenyeji wa pwani yetu walikuwa walimu katika taasisi hiyo. Mmoja wao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake yalikuwa nguzo ya kitabu Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka wa 1903. Kabla ya hapo, mwaka wa 1894, C. G. Büttner alikuwa amechapisha mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili pamoja na tafsiri zake za Kijerumani. Meinhof naye alichapisha kazi yake kuhusu fonolojia ya lugha za Kibantu mwaka wa 1899, na ile ya sarufi linganishi mwaka wa 1906.

Kazi hizi hazipasi kusomwa kwa kuzikubali tu. Meinhof huyo huyo alishikilia nadharia kuhusu watu aliowaita Wahamiti, nadharia iliyowapanga watu wa Afrika kwa madaraja ya ubora na ambayo wanaisimu wa baadaye waliikataa. Mtafiti anayetaka kutenga sayansi na chuki katika maandishi hayo hana budi kuyafikia yenyewe. Akishindwa, atalazimika kuiamini hukumu ya mtu mwingine, iwe ya sifa au ya lawama. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na methali hii ina ukweli hata katika utafiti.

Isitoshe, Kijerumani kimeacha alama katika Kiswahili chenyewe. Neno shule limetokana na Schule, na neno hela limetokana na Heller, sarafu iliyotumika katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki kuanzia mwaka wa 1904.

3.0 Mtaji Alio Nao Mwanafunzi wa Kiswahili

3.1 Jinsia za Kijerumani na ngeli za Kiswahili

Nomino za Kijerumani zimegawika katika makundi matatu yanayotambulishwa na vibainishi der, die na das. Mgeni hushangaa kuona vyombo vitatu vya meza moja vikiwa katika makundi tofauti: der Löffel (kijiko), die Gabel (uma) na das Messer (kisu). Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Yeye husema kijiko hiki, uma huu na sahani hii, wala haulizi kwa nini. Anajua kwamba nomino huongozwa na ngeli yake, na kwamba ngeli hiyo hutawala maneno mengine katika sentensi. Lililo jipya ni kwamba katika Kiswahili kiambishi awali mara nyingi huifichua ngeli, ilhali katika Kijerumani dalili, pale zinapokuwapo, huwa mwishoni mwa nomino. Mathalani, nomino zinazoishia kwa -ung, -heit, -keit na -schaft huwa za kundi la die: die Zeitung (gazeti), die Übung (zoezi), die Freundschaft (urafiki).

Kiambishi -chen, ambacho huleta maana ya udogo, huiingiza nomino katika kundi la das. Ndiyo maana msichana huitwa das Mädchen, ingawa ni mtu wa kike. Jambo hili linafaa kulinganishwa na neno kijana. Umbo lake ni la KI-VI, lakini Kiswahili sanifu husema kijana huyu amefika, kwa kufuata maana na si umbo. Kijerumani hulifuata umbo katika uteuzi wa kibainishi.

3.2 Hali za nomino na shamirisho

Hali nne za nomino huwatia hofu wanaoanza. Anayezijua dhana za kiima, shamirisho kipozi na shamirisho kitondo ameshavuka nusu ya mto. Tazama sentensi hii:

Der Lehrer gibt dem Schüler den Brief.
(Mwalimu anampa mwanafunzi barua.)

Lehrer ni kiima, hivyo kibainishi chake ni der. Schüler ni kitondo, hivyo der imegeuka kuwa dem. Brief ni kipozi, hivyo der imegeuka kuwa den. Hali ya nne huonyesha umilikaji na hufanya kazi inayokaribiana na ya kihusishi cha a-unganifu: das Buch des Lehrers ni kitabu cha mwalimu. Kwa kuwa kibainishi kimebeba uamilifu wa nomino, Mjerumani anaweza kusema Den Brief gibt der Lehrer dem Schüler bila kuyabadilisha mahusiano ya mtoaji, mpokeaji na kitu. Msomaji anayelifasili neno la kwanza kuwa ndilo kiima ataangukia shimoni.

3.3 Mahali na mwendo

Neno mjini hutumika katika alikuja mjini na pia katika alikaa mjini. Kitenzi ndicho kinachotufahamisha kama pana mwendo au pana utulivu. Kijerumani hulidhihirisha jambo hilo katika kibainishi: in die Stadt ni kuelekea na kuingia mjini, na in der Stadt ni kuwa mjini. Vihusishi tisa, miongoni mwavyo in, auf, an, vor na unter, hufuata kanuni hii.

3.4 Maneno ambatani

Katika Kiswahili, batamaji ni aina ya bata, na neno kuu hutangulia. Katika Kijerumani neno kuu hukaa mwisho. Wörterbuch ni Wörter (maneno) na Buch (kitabu), yaani kamusi. Krankenhaus ni nyumba ya wagonjwa, yaani hospitali. Kwa hiyo, neno refu la Kijerumani lianze kufumbuliwa kutoka mkiani. Neno hilo la mwisho ndilo pia linaloamua jinsia ya neno zima.

4.0 Namna ya Kusoma

Wataalamu wa ufundishaji hutofautisha kusoma kwa mapana na kusoma kwa kina. Katika kusoma kwa mapana, mwanafunzi husoma matini nyepesi kwa wingi akifuata maana ya jumla. Katika kusoma kwa kina, huchagua aya fupi na kuichambua neno kwa neno. Anayeanza anahitaji zote mbili, na vitabu vilivyorahisishwa kwa viwango humfaa zaidi kuliko riwaya kubwa. Viwango hivyo, kuanzia A1 hadi C2, vinatokana na mwongozo wa Baraza la Ulaya uliochapishwa mwaka wa 2001. Anayekaribia kiwango cha kati anaweza kujaribu ngano zilizokusanywa na ndugu Grimm, ambazo juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1812, au Emil und die Detektive ya Erich Kästner ya mwaka wa 1929.

Ili kuudhihirisha utaratibu wa kusoma kwa kina, tuchukue aya hii:

Gestern kam ein alter Mann in die Stadt. Er trug einen schweren Korb auf dem Kopf. Vor dem Markt blieb er stehen und sah sich um.

Hatua ya kwanza ni kuisoma aya yote kwa sauti bila kamusi. Ya pili ni kuvitafuta vitenzi. Katika sentensi ya taarifa, kitenzi kilichonyambuliwa huchukua nafasi ya pili. Kwa kuwa Gestern (jana) limekaa mwanzoni, kitenzi kam kimefuata mara moja, na kiima ein alter Mann kikasukumwa nyuma yake.

Hatua ya tatu ni kufika mwisho wa sentensi kabla ya kufungua kamusi. Katika sah sich um, kipande um kilichotupwa mwishoni ni sehemu ya kitenzi. Atakayetafuta sehen pekee ataambiwa ni kuona. Kitenzi kamili ni sich umsehen, yaani kutazama huku na huku. Vivyo hivyo, blieb stehen hutokana na stehen bleiben, yaani kusimama baada ya kuwa katika mwendo.

Hatua ya nne ni kurejesha vitenzi katika umbo la kamusi. Mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba hawezi kulitafuta neno walimpigia chini ya herufi W. Sharti avue viambishi hadi aufikie mzizi. Katika Kijerumani, mara nyingi irabu ya ndani ndiyo hubadilika: kam hutokana na kommen, na trug hutokana na tragen. Vitenzi vya aina hii havina budi kuhifadhiwa kwa kichwa.

Hatua ya tano ni tafsiri: Jana mzee mmoja alikuja mjini. Alikuwa amebeba kikapu kizito kichwani. Mbele ya soko akasimama, akatazama huku na huku. Baada ya siku mbili au tatu, mwanafunzi aichukue tafsiri yake na kuirudisha katika Kijerumani, kisha ailinganishe na matini asilia. Zoezi hili humwonyesha bila huruma alichokifahamu na alichokibahatisha.

5.0 Kwa Nini Mazoezi ni ya Lazima

Msomaji makini atakuwa ametambua kwamba vitenzi kam, trug na blieb vimo katika njeo moja. Njeo hiyo, iitwayo Präteritum, ndiyo njeo ya masimulizi yaliyoandikwa. Katika mazungumzo ya kawaida, hasa kusini mwa Ujerumani, Wajerumani hutumia Perfekt kwa vitenzi vingi: Gestern ist ein alter Mann in die Stadt gekommen. Er hat einen schweren Korb getragen. Hali hii inakumbusha matumizi ya -ka- katika hadithi za Kiswahili. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa ngano pekee, akiulizwa alikokwenda jana, huenda akajibu, "Nikaenda sokoni." Ataeleweka, lakini atachekwa. Mwanafunzi wa Kijerumani anayesoma bila kuzungumza anajiandalia aibu kama hiyo. Zoezi linalomfaa ni kusoma kisa kwa Präteritum, kufunga kitabu, kisha kumsimulia mwenzake kisa hicho kwa Perfekt.

Matamshi pia hayajifunzwi kwa macho. Herufi w hutamkwa kama v ya Kiswahili, v mara nyingi hutamkwa kama f, na z hutamkwa kama ts. Sauti ch katika Buch inakaribiana na kh ya kheri, lakini ile ya ich ni nyingine. Irabu ö na ü hazimo katika Kiswahili. Masikio yazoezwe kabla ya ulimi. Idhaa ya Deutsche Welle, ambayo imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu mwaka wa 1963, hutoa pia taarifa za habari za Kijerumani zinazosomwa polepole kwa ajili ya wanaojifunza. Mwanafunzi anaweza kuzisikiliza, kuandika imla, na kuisahihisha kwa kutumia matini iliyochapishwa.

Mazungumzo hufundisha pia adabu na mazoea. Kijerumani hutofautisha du, neno la watu wa karibu, na Sie, neno la heshima. Mwanafunzi aliyelelewa kumwamkia mkubwa shikamoo ataielewa haja hiyo upesi. Saa nazo zina mtego. Halb drei si saa tatu na nusu. Kwa hesabu ya Wajerumani ni nusu ya kuielekea saa yao ya tatu, nasi tungesema saa nane na nusu. Anayetafsiri neno kwa neno atachelewa miadi kwa saa moja kwa hesabu ya Kizungu; akisahau pia kugeuza saa hizo, atapotea kabisa.

Historia inatupa mfano wa kutia moyo. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa Unguja mwaka wa 1844. Katika kumbukumbu zake anaeleza jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri alipokuwa msichana. Mwaka wa 1867 aliingia Hamburg akiwa mke wa Heinrich Ruete, huku akiwa mgeni wa lugha ya nchi hiyo. Mwaka wa 1886 kumbukumbu hizo zilichapishwa Berlin, kwa Kijerumani, kwa jina la Emily Ruete. Miaka 19 ilipita kati ya mambo hayo mawili. Haba na haba hujaza kibaba.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ngeli, shamirisho na uchanganuzi wa vitenzi, mambo yanayofundishwa katika madarasa ya Kiswahili, ni daraja la kuvukia hadi Kijerumani. Yameonyesha vilevile kwamba kusoma hujenga msamiati na sarufi, bali mazoezi ndiyo yanayoigeuza lugha ya kitabuni kuwa lugha ya kinywani. Inapendekezwa kwamba wanachama wa vyama vya Kiswahili waunde vikundi vidogo vya kusoma, ambapo aya moja itachambuliwa kila juma, itasimuliwa kwa mdomo, na kutafsiriwa kwenda na kurudi. Nakala za Büttner, Velten na Meinhof zingalipo maktabani na katika hifadhi za kidijitali. Maadamu zinasomwa na wengine kwa niaba yetu, sehemu ya historia ya Kiswahili itaendelea kusimuliwa kwa ndimi za watu wengine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.