SOMO LA WIKI: Gharama iliyofichika ya kuhamisha duka la mtandaoni

Mfanyabiashara anayeuza kwa njia ya intaneti hufika mahali ambapo programu inayoendesha duka lake haimtoshi tena. Ada hupanda, kurasa hufunguka polepole, au mwenye programu huacha kuihudumia. Hili la mwisho liliwapata wenye maduka yaliyotumia Magento 1, ambayo huduma yake ilikoma Juni 30, 2020. Hapo kuhama si hiari tena. Linalobaki ni gharama, na wengi hukosea hesabu kwa kuweka bei ya fundi peke yake na kusahau mauzo yatakayopotea.

Funzo kutoka Uingereza

Kampuni ya Marks & Spencer ya Uingereza iliendesha duka lake la mtandaoni kwa mtambo wa Amazon tangu mwaka 2007. Februari 2014 ilihamia kwenye mtambo wake yenyewe, baada ya maandalizi ya miaka mitatu yaliyogharimu pauni milioni 150. Wakati ulichaguliwa vizuri: msimu wa Krismasi ulikuwa umekwisha. Hata hivyo, wateja waliokuwa na akaunti walitakiwa kujiandikisha upya, na kurasa walizozizoea zilikuwa zimebadilika.

Matokeo yalionekana kwenye hesabu. Katika wiki 13 zilizoishia Juni 28, 2014, mauzo ya mtandaoni yalishuka kwa asilimia 8.1. Kampuni ilieleza kuwa tovuti mpya ilihitaji muda wa kuzoeleka. Katika robo iliyojumuisha Krismasi ya mwaka huo mauzo hayo yalishuka tena kwa asilimia 5.9, safari hii sababu kubwa ikiwa ni matatizo ya bohari yake ya Castle Donington. Ukuaji wa asilimia 13.8 ulitangazwa kwa robo iliyoishia Machi 2015, yaani mwaka mmoja baada ya kuhama. Kampuni kubwa iliweza kusubiri. Mwenye duka dogo ajiulize kama naye ataweza.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa duka linalouza shilingi milioni 10 kwa mwezi, faida ghafi ikiwa asilimia 25. Mtambo wa sasa unamtoza mwenye duka shilingi 300,000 kwa mwezi na mpya utamtoza 200,000, hivyo ataokoa 100,000 kila mwezi. Fundi anataka 1,200,000. Kwa hesabu ya haraka, gharama itarudi katika miezi 12.

Lakini mauzo yakishuka kwa asilimia 8 kwa miezi mitatu, duka litakosa mauzo ya 2,400,000, na faida ghafi ya 600,000. Gharama halisi ya kuhama sasa ni 1,800,000, na itachukua miezi 18 kurudi. Hapo hatujahesabu miezi ambayo atalipia mitambo yote miwili.

Wateja hupotelea wapi

Kwanza, ni kwenye akaunti. Maneno ya siri ya wateja huhifadhiwa kwa namna isiyosomeka, na mara nyingi mtambo mpya hauwezi kuyatumia. Majina, anwani na oda za zamani vinaweza kuhamishwa. Kwa hiyo usimlazimishe mteja kujiandikisha upya. Mtumie barua pepe mapema yenye maelezo ya kuweka neno jipya la siri, na mruhusu kununua hata bila akaunti.

Pili, ni kwenye anwani za kurasa. Kila bidhaa ina anwani yake, na hiyo ndiyo Google huijua na wateja huihifadhi. Mtambo mpya ukibadilisha anwani hizo, anayetafuta bidhaa atakuta ukurasa haupo. Andaa orodha yenye safu mbili, anwani ya zamani na mpya, kisha fundi aelekeze kila moja kwa alama ya 301, inayoziambia kompyuta kuwa ukurasa umehama moja kwa moja. Google hushauri maelekezo hayo yaachwe kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Usielekeze anwani zote kwenye ukurasa wa mbele. Aliyetafuta viatu apelekwe kwenye viatu.

Tatu, ni kwenye malipo. Kwa duka linalopokea M-Pesa, taarifa kuwa mteja amelipa hutumwa na kompyuta za kampuni ya simu kwenye anwani maalumu ya duka. Anwani hiyo isipobadilishwa, fedha zitaingia lakini oda itaonekana haijalipwa. Nunua bidhaa moja ya bei ndogo kwa fedha zako mwenyewe, halafu irudishe, ili ujaribu njia yote kwenda na kurudi.

Nne, ni kwenye stoo. Oda zikiendelea kuingia kwenye duka la zamani baada ya orodha ya mali kunakiliwa, kitu kimoja kitauzwa mara mbili. Funga mauzo kwa saa chache usiku wa siku yenye wateja wachache, nakili mara ya mwisho, linganisha idadi na mali iliyopo rafuni, ndipo ufungue.

Kabla ya kusaini

Mwombe fundi aandike kwenye mkataba kwamba kazi zote nne zimo ndani ya bei yake, kwa kuwa mara nyingi ndizo huachwa nje ili bei ionekane ndogo. Mpe malipo ya mwisho baada ya wiki nne za mauzo, si siku ya kufungua. Nakala ya duka la zamani usiifute hadi muda wa wateja kurudisha bidhaa uishe na hesabu za mwaka zifungwe. Na kama baada ya hesabu zote mtambo wa zamani bado unahudumiwa na unatosha, kubaki nako ni uamuzi wa kibiashara.