MPIRA MILIMANI: JE, NI HAKI?

Mpira wa miguu ni ule ule popote duniani, lakini mchezo hugeuka ukipelekwa mahali pa juu sana. Katika makala haya napenda kuwaeleza wasomaji sababu yake, kisha nitoe maoni yangu juu ya ugomvi mmoja uliotokana na jambo hili.

Kwanza tuitazame hewa. Wengi hudhani ya kuwa hewa ya mlimani ni ya namna nyingine. Sivyo. Katika kila sehemu 100 za hewa, oksijeni ni karibu 21, iwe pwani au kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo. Hewa ya juu ni nyepesi, na kila pumzi huingiza oksijeni kidogo. Penye mita 5,700 mgandamizo ni karibu nusu tu ya ule wa Dar es Salaam. Ndiyo maana mtu huhema, kichwa humuuma, na pengine hutapika. Akizidiwa, dawa yake ya kwanza ni kuteremshwa upesi.

Hata hivyo mwili hufundishika. Mtu akipanda pole pole huzoea kuvuta pumzi nyingi zaidi, na baada ya majuma kadhaa damu yake huongeza chembe nyekundu zichukuazo oksijeni. Mwezi wa Juni, 2017, wanawake wa nchi mbalimbali walipanda Kilimanjaro kwa siku kadhaa, wakacheza mpira dakika 90 juu ya majivu ya kreta, mita 5,714 kutoka usawa wa bahari. Walitaka dunia ione ya kuwa wasichana wanastahili nafasi sawa katika michezo.

Tena hewa nyepesi haimdhuru kila mchezaji. Katika Olimpiki ya 1968 huko Mexico City, penye mita 2,240, ilimsaidia kidogo Bob Beamon wa Marekani, aliyeruka mita 8.90 na kuipita rekodi ya zamani kwa sentimita 55. Katika mbio ndefu wengi walichoka, lakini Kipchoge Keino wa Kenya, aliyekulia nyanda za juu, alishinda mita 1,500. Mpira nao huruka kwa kasi zaidi, basi golikipa mgeni hudanganyika.

Sasa ugomvi wenyewe. Uwanja mkuu wa mpira wa La Paz, nchini Bolivia, uko kiasi cha mita 3,600. Wageni walilalamika, na mwaka 2007 FIFA ikakataza mechi za kimataifa mahali palipozidi mita 2,500. Rais Evo Morales alijibu kwa vitendo: Juni mwaka huo alicheza mpira kwenye theluji ya Mlima Sajama, karibu mita 6,000. Mwaka 2008 katazo liliondolewa, na mwaka 2009 Bolivia iliifunga Argentina mabao 6 kwa 1 hapo hapo La Paz.

Mimi ni mtu wa pwani, na huenda mkatazamia niwatetee wageni. Siwatetei. Timu ya milimani ikiteremka Tanga mwezi wa Februari, joto na unyevu huwaonea vile vile. Je, tuufunge uwanja wa Tanga? Watu hawakuchagua mahali pa kuzaliwa, nao wana haki ya kucheza mbele ya wazazi wao. Linalofaa ni ratiba kumpa mgeni siku za kutosha za kujizoeza, na daktari awepo uwanjani.

Wenzangu wa chama cha midahalo wakiona vingine, na wanijibu katika toleo la muhula ujao.