Baba Mlangoni mwa Kanisa

Jambo moja latusikitisha, wasomaji wapenzi. Siku ya Komunyo ya kwanza baba humnunulia mwanawe shati jeupe na viatu, humfikisha mlangoni mwa kanisa, kisha yeye hubaki kivulini akizungumza na wenzake. Mengine ni ya mama na katekista!

Kanisa halikumpa nafasi hiyo. Mwaka 1910, kwa agizo la Quam singulari, Papa Pio X aliwafungulia Ekaristi watoto wa umri wa miaka kama saba. Umri huo wengi waukumbuka. Wachache wakumbuka kwamba agizo lilo hilo lamtaja baba, au ashikaye mahali pake, pamoja na muungamishi, kuwa ndio wamruhusuo mtoto kukaribia. Kanuni ya 914 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yawataja wazazi kwanza, ndipo paroko.

Kwa nini baba? Tusikilize Misa yenyewe. Sala Kuu ya Ekaristi huelekezwa kwa Mungu Baba, kwa njia ya Mwana, katika umoja wa Roho Mtakatifu. Baba amempa Mwana yote, hata umungu ulio mmoja, kama Mtaguso wa Nisea ulivyokiri mwaka 325. Mtoto asikiapo neno “Baba” altareni, amekwisha kulijua nyumbani. Amelijua kwa mkate, au kwa fimbo tu?

Basi Jumamosi jioni baba na amwulize mwanawe: kesho wampokea nani? Naye azuiliwaye Komunyo kwa sababu ya ndoa yake asikae kivulini. Aingie Misani na mwanawe, kisha amwone paroko.