Mafuta ya Samaki Yako Wapi? Vidokezo kwa Wanunuzi wa Kasongo, Kabambare na Lusangi

Huku kusini mwa Maniema samaki hutufikia kwa njia tatu. Lualaba na Luama hutupa ngege na kambale. Ziwa Tanganyika hutuletea ndagala na mikebuka: hupakiwa lori Baraka, wakapita Fizi na Lulimba mpaka Kabambare, barabara ikiwa na huruma. Njia hiyo ina umri mkubwa kuliko lori lolote, maana misafara iliyovuka ziwa kutoka Ujiji ilipitia Kabambare ikielekea Kasongo na Nyangwe. Njia ya tatu ni bahari, nayo hutuletea makayabu, Thomson wa barafu na sardini za kopo. Wote tunawaita samaki, lakini tumboni hawafanyi kazi moja.

1. Ukubwa ni sifa ya mvuvi, usiulipie wewe.
Samaki mkubwa anapendeza mbele ya wageni, hilo halina ubishi. Ila ukimla, unaacha kichwa, mifupa na mara nyingi matumbo. Ndagala huliwa mzima, na faida yake imo humo humo katika tunavyotupa kwa wakubwa: kalisi kwenye mifupa, vitamini A machoni na kwenye ini. Gramu 100 za ndagala wakavu huvuka miligramu 1,000 za kalisi. Kiasi hicho hicho cha maziwa ya ng'ombe kina kama miligramu 120. Kwa nyumba isiyoona maziwa mwezi mzima, kopo la ndagala si chakula cha maskini. Na mikebuka tunayemheshimu zaidi sokoni, yeye mwenyewe ziwani anawala hao hao ndagala.

2. Jua nani ana mafuta na nani hana.
Wataalamu hupanga hivi: nyama ya samaki yenye mafuta chini ya gramu 2 kwa kila gramu 100 ni kavu, kati ya 2 na 4 ni kidogo, 4 hadi 8 ni wastani, kupita 8 ni samaki wa mafuta. Ngege yuko chini kabisa, hafiki gramu 2, huku protini yake ikigonga 20. Kodi, yule samaki wa bahari za kaskazini anayetengenezwa makayabu, hafiki hata gramu 1, maana mafuta yake ameyaweka kwenye ini. Kambale humzidi ngege, na wa kufugwa aghalabu hunenepa kuliko wa mtoni. Sardini za kopo hukaribia gramu 11. Makareli wa Atlantiki hufika 14. Thomson anapanda na kushuka kwa msimu, kwa hiyo boksi la mwezi huu na la mwezi ujao si lazima vifanane.

Kuna jambo moja la kukusaidia bila mizani. Maji na mafuta kwa pamoja huchukua kama asilimia 80 ya nyama ya samaki mbichi. Kimoja kikipungua kingine hujaza nafasi. Ndiyo maana samaki aliyekonda baada ya kutaga huwa na nyama ya majimaji. Ukimpasua kambale ukakuta utando wa mafuta tumboni, huyo alikuwa anakula vizuri.

3. Ukiambiwa na daktari upunguze mafuta, usianze na samaki.
Mzee anarudi kutoka kituo cha afya, anatangaza nyumbani kwamba ameacha samaki wa mafuta, kisha jioni anakula ngege aliyeogeleshwa kwenye mawese. Tuhesabu basi. Kipande cha ngege cha gramu 100 kina mafuta chini ya gramu 2. Kijiko kimoja kikubwa cha mawese kina kama gramu 14, na karibu nusu yake ni yale mafuta mazito ambayo daktari alikuwa anayalenga. Mafuta ya samaki kwa sehemu kubwa ni laini, na ya samaki wa jamii ya sardini, ndagala wakiwemo, yana omega-3 ambayo moyo unaihitaji. Kwa hiyo punguza kwenye chupa, samaki umwache alipo.

Sisemi mtupe mawese! Wekundu wake ni karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Tatizo ni wale wanaoyachoma mpaka yawe meupe kabla ya kukaanga. Hapo karotini imeondoka na moshi, umebaki na mafuta tu.

4. Makayabu: loweka, mwaga, loweka tena.
Protini anayo, tena nyingi, maana maji yametoka. Lakini gramu 100 za kodi mkavu wa chumvi zinaweza kubeba gramu 17 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku. Kipande cha gramu 30 kisicholowekwa kinatosha kuzifikisha hizo 5. Mlaze kwenye maji usiku kucha na ubadilishe maji zaidi ya mara moja. Na tafadhali, usitie chumvi nyingine kwenye sombe atakayoingia. Mwenye presha awaachie wengine.

5. Linganisha mkavu na mkavu.
Ndagala wakavu wanaonekana ghali ukiweka bei ya kilo yao kando ya ile ya ngege mbichi. Lakini zaidi ya nusu ya uzito wa ndagala mkavu ni protini. Kwa ngege mbichi ni sehemu moja ya tano, tena umepimiwa na kichwa.

6. Bukari ya muhogo inahitaji mwenzake.
Unga wa muhogo una protini kiduchu. Wali ni afadhali, ila una upungufu wa lisini, ambayo samaki anayo tele. Ndagala wachache ndani ya sombe wanatosha kuibadilisha sahani nzima, na mama zetu walilijua hilo kabla ya maabara. Kwa mtoto aliyefikisha miezi 6, chambua ndagala, osha mchanga, kausha tena, twanga na uchekeche mpaka mifupa isisikike, kisha tia kijiko kwenye uji. Usingoje mpaka aweze kutoa miiba mwenyewe. Miaka ya kabla ya hapo ndiyo anayokua kwa kasi. Sahani ya baba isiwe ndiyo pekee yenye samaki.

7. Samaki wa mtoni hana iodini ya kutosha.
Wa bahari anayo zaidi. Nunua chumvi yenye iodini, na uitie chungu kikikaribia kuiva.

8. Mafuta ndiyo yanayoharibika kwanza, basi tumia pua.
Mafuta ya samaki yakikutana na hewa huchacha. Kwa sababu hiyo kambale hupelekwa kwenye moshi: moshi unamkausha na pia unachelewesha kuchacha. Ndagala wazuri wanang'aa kama fedha. Wakigeuka manjano na kuwasha koo, mafuta yameshaharibika, na bei ya chini haiwarudishii uzima. Msimu wa mvua uwe mkali zaidi, maana walioanikwa nusu nusu hushika ukungu ndani ya gunia. Kambale wa moshi mvunje kipande kidogo: ndani awe mkavu, asitoe unga wala vijidudu. Akiwa mweusi wa masizi, menya ngozi, kwa sababu masizi yana kemikali zinazoweza kuleta saratani. Na ukikuta samaki wa moshi hana hata mdudu mmoja huku wa jirani zake wametobolewa kote, mnuse mara mbili. Wapo wachuuzi wanaopuliza dawa ya wadudu kuokoa mali yao. Mama wa soko akikuuliza unanusa nini, mwambie bila kificho, kisha uende meza inayofuata.