Tumbo Likishakuwa Kubwa: Vidokezo 10 vya Miezi ya Mwisho

Mwezi wa saba wa mimba ukiingia, Newala nzima inageuka daktari. Wifi anakukataza mayai, mama muuza vitumbua anakwambia kwa umbo la tumbo hilo ni wa kike, na dereva wa bodaboda anakuuliza, "Dada, kweli unapanda?" Ushauri mwingi hutolewa kwa mapenzi tu. Mateso mengi ya miezi hii hayatokani na ugonjwa, yanapunguzika hapohapo nyumbani. Yapo machache ambayo hayangoji kesho, na hayo nitayataja waziwazi.

1. Ndoo ya maji si yako tena. Naanza na hili kwa sababu maumivu ya mgongo ya mjamzito wa uwanda huu wa Makonde huanzia kisimani. Ardhi ya juu huku ni kichanga, mvua ikinyesha maji huzama na kwenda kutokea chini ya miteremko. Ndiyo maana mradi wa maji wa Makonde hulazimika kuyasukuma kutoka chanzo cha Mitema hadi juu. Bomba likikauka, kinamama hurudi kwenye njia za zamani, kushuka na kupanda. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, na kiuno chako kimeshalegezwa na homoni kikijiandaa kufunguka. Mwanamume mwenye baiskeli na madumu mawili hana udhuru. Kama hayupo, gawanya mzigo: kidumu cha lita tano, mara nyingi, na upumzike njiani. Ukiwa nyumbani funga kanga chini ya tumbo, ilibebe kidogo. Wakati wa kufagia au kuchambua mboga, acha kigoda kifupi, tafuta kiti chenye kimo.

2. Kiungulia. Watu husema kikikuchoma sana, mtoto ana nywele nyingi. Usiwacheke. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wajawazito 64. Walitarajia kuonyesha kwamba usemi huo ni porojo, wakakuta waliounguzwa zaidi ndio waliozaa watoto wenye nywele zaidi! Nywele hazitakutuliza lakini. Kula kidogo kidogo, ugali wa usiku uwe mdogo na uliwe mapema, kisha kaa wima saa mbili au tatu kabla ya kulala. Inua upande wa kichwani. Pilipili na vya kukaanga vipungue. Usilambe magadi wala majivu. Kliniki kuna vidonge vya kutafuna vilivyo salama zaidi.

3. Miguu kuvimba jioni ni kawaida, hasa joto la Masasi likipamba moto mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Ipandishe juu ya mto au gunia lililokunjwa, tembeatembea, na usijinyime maji ya kunywa ukidhani ndiyo yanayokuvimbisha. Lakini uvimbe ukitokea ghafla usoni na mikononi, kichwa kikauma bila kupoa, macho yakaona maluweluwe, au maumivu yakashika juu ya tumbo chini ya mbavu, hiyo habari ni nyingine kabisa. Huenda ni presha ya ujauzito, ambayo mwisho wake unaweza kuwa kifafa cha mimba. Watu wengine bado hudhani degedege la mjamzito ni mashetani, wakamzungusha kwa waganga mpaka saa zikapita. Hospitali, siku hiyohiyo, usiku huohuo.

4. Msuli ukikubana saa nane za usiku, nyoosha mguu na uvute vidole kuelekea kwako, kisha mtu asugue shavu la mguu. Mguu mmoja ukivimba peke yake, ukawa wa moto na kuuma mchana kutwa, muone daktari.

5. Vidonge vya damu vinafunga choo, na kinamama wengi huvificha chini ya godoro kwa sababu hiyo. Nawaelewa, ila damu ndogo siku ya kujifungua ni hatari kuliko choo kigumu. Vimeze pamoja na chungwa au embe, na chai ya rangi isubiri saa moja au mbili, maana inazuia madini chuma yasiingie mwilini. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni vidonge. Ongeza papai, kisamvu, kunde, mbaazi na maji. Bawasiri ikijitokeza, kalia beseni la maji ya uvuguvugu, na usijikamue chooni. Na ule udongo wa pemba unaouzwa sokoni kwa vipande, ambao kila mjamzito anadai haumdhuru: unafunga choo vilevile, na unashindana na hivyo vidonge tumboni. Hamu ikizidi, mwambie nesi akupime damu. Mara nyingi hamu hiyo huambatana na upungufu wa damu.

6. Msimu wa korosho. Kuinama na kuokota kuanzia asubuhi si kazi ya tumbo la miezi minane. Chagua kazi ya kukaa kivulini, kutenganisha korosho na bibo, ukiinuka kila baada ya muda. Mikorosho inapopulizwa salfa, kaa mbali kabisa na shamba, na nguo za mpulizaji zisifuliwe na wewe. Kubangua kwa moto nako kuna moshi mkali na mafuta yanayochoma ngozi. Uraka wa mabibo, hata ule mtamu wa siku ya kwanza, ni pombe.

7. Lala ubavu. Wa kushoto husifiwa zaidi, wa kulia nao haudhuru. Ukiamka umelala chali, geuka tu, usianze kulia. Kanga iliyokunjwa kati ya magoti husaidia nyonga. Chandarua kishushwe kila usiku, maana huku kusini mbu hawana likizo, na SP, dawa ya kukinga malaria unayopewa kliniki, uimeze palepale mbele ya nesi. Kukojoa mara tano usiku ni kichwa cha mtoto kukandamiza kibofu. Mkojo ukichoma, nenda ukapimwe.

8. Kuwashwa tumboni ni ngozi kutanuka, paka mafuta ya nazi. Kuwashwa viganjani na nyayoni, hasa usiku na bila vipele, kunaweza kuwa tatizo la ini. Kapimwe damu.

9. Uchungu wa uongo huja na kuondoka, ukitembea au ukinywa maji hupoa. Wa kweli hupangana, hukaribiana, na haukusikilizi. Jambo la kukataa hata kama anayekuletea ni bibi unayemheshimu: mizizi ya "kuongeza uchungu". Huwezi kujua umekunywa kiasi gani, na kizazi kinaweza kupasuka. Mshukuru bibi, mwombe akukande mgongo, kwa hilo ni fundi.

10. Mjue mtoto wako anavyocheza. Wengine huamka jioni, wengine mama akishakula. Hakuna hesabu moja ya wote. Akipunguza au akinyamaza, usimngoje mpaka asubuhi. Damu kutoka ukeni, chupa kupasuka au homa, nazo ni za kuondoka mara moja.

Uondoke kwa usafiri gani? Hapo ndipo pesa ya korosho ya mwezi wa kumi na moja inapotakiwa kubaki kidogo kwenye simu, hata kama mtoto ni wa Machi, wakati mvua zinaharibu njia za vijijini. Kama uliwahi kufanyiwa upasuaji, una mapacha, au kwenu ni chini bondeni kuelekea Mto Ruvuma, hamia wiki mbili tatu mapema kwa ndugu aliye karibu na Hospitali ya Newala, Mkomaindo au Ndanda. Muulize nesi pia kama kuna nyumba ya kusubiria uzazi. Na kuna m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022: unapiga 115 bila malipo, na gari la wagonjwa likikosekana huitwa dereva wa eneo lenu, anayelipwa na mpango wenyewe. Iandike namba hiyo kwa wino juu ya kadi ya kliniki, ili simu yako ikizima, jirani aisome na apige kwa yake.